Nimegonga gari la kukodi, bampa imepasuka: nisukume bima ilipe au nilipe mfukoni?

*Swali: Hujambo mtaalamu. Mimi ni mwalimu hapa Kisumu. Ijumaa iliyopita nilikodi Fielder ya kujiendesha kwa siku tatu, tukawapeleka wazee wetu mazishini Vihiga. Jumapili tukirudi tulisimama Luanda kununua ndizi. Nikirudi nyuma, kona ya bampa iligusa boda iliyokuwa imesimama, ikaanguka, kisha nikagonga nguzo ya saruji. Mwenye boda alikuwa ameikalia, akaruka, akasema hana neno. Nikampa mia tano za kioo chake, tukaachana. Bampa ya nyuma imepasuka upande wa kulia na taa ya upande huo ina ufa. Gari nimelirudisha, na najuta sikulitengeneza kimya kimya kwanza. Mwenye gari ameshikilia amana yangu ya 20,000 na anataka niongeze 25,000, iwe 45,000. Nikikataa, anasema atadai bima nami nitalipa eksesi ya 30,000 iliyo kwenye mkataba. Fundi wangu wa Nyalenda anasema kazi yote ni 18,000. Ndugu yangu anasema bima ni komprehensivu, idaiwe, kwani si tulilipa? Mume wangu anasema bima ya gari letu ndiyo italipa. Nifanyeje?*

Mwalimu, pole kwa msiba, na pole kwa hilo la bampa. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliangalia hesabu, kwa mazoea ya kazi. Mara ya pili nikakwama kwenye zile mia tano. Nitaanza na unachouliza, kisha nitarudi kwa mwenye boda, maana katika yote uliyoeleza, huyo uliyemtaja kwa sentensi tatu ndiye anayenitia wasiwasi. Bampa ni plastiki tu.

Kwanza tuwatulize nyumbani kwako. Bima ya gari huandamana na gari na mwenyewe. Ile komprehensivu, yaani bima kubwa inayolipia hata gari lenyewe, ni makubaliano ya mwenye gari na kampuni yake ya bima, na jina lako halimo. Fomu ya kudai hujazwa na yeye, na fidia ya gari lake hulipwa yeye au gereji inayolitengeneza. Wewe una mkataba mwingine kabisa, ule wa kukodi, uliotia sahihi kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Ndugu yako anasema mlilipa. Mlilipa kodi ya gari. Kama kwenye risiti hakuna ada iliyoandikwa wazi kwamba inakupunguzia mzigo gari likiharibika, basi hiyo hamkuilipia. Hata ingekuwepo, ada ya namna hiyo ni ahadi ya mwenye gari ya kutokudai zaidi ya kiasi fulani, na mara nyingi magurudumu, vioo na sehemu za chini ya gari huachwa nje.

Mume wako naye ana nusu ya ukweli. Zipo bima za magari binafsi zinazomlinda mwenyewe anapoendesha gari la mtu mwingine, lakini ulinzi huo ni wa hasara atakayomsababishia mtu wa tatu, yaani mtu mwingine asiyehusika na mkataba wa bima. Lile gari lenyewe alilokuwa akiliendesha halimo, na gari la kukodi aghalabu hutengwa kwa jina. Mwambie aisome hati, haina madhara. Ila bampa hii haitalipwa huko.

Sasa hiyo eksesi, ambayo naona imetumiwa kukutisha. Eksesi ni sehemu ya kwanza ya hasara ambayo kampuni ya bima haiigusi; hubaki kwa mwenye gari. Iliwekwa ili kampuni zisifunge ofisi zikihangaika na mikwaruzo, na ili mtu aliyepewa usukani aendelee kuogopa nguzo. Huku kwetu mara nyingi hupigwa kwa asilimia, ya thamani ya gari au ya hasara yenyewe, kisha huwekwa kiwango cha chini. Tuseme gari hilo ulilokodi lina thamani ya 1,200,000 na eksesi ni asilimia 2.5: hapo ndipo 30,000 inapatikana. Mwenye gari kaichukua namba hiyo akaihamishia kwenye mkataba wako, ili kinachomwangukia yeye kikuangukie wewe. Si dhambi, ndivyo biashara hiyo inavyofanyika.

Lakini eksesi si faini. Hasara ikiwa 18,000, iko chini ya 30,000, basi kampuni ya bima hailipi hata senti, na wewe unabaki na 18,000, si 30,000. Hasara ikiwa kweli 45,000, kampuni inatoa 15,000 na wewe 30,000. Sasa tazama unachoambiwa: lipa 45,000, la sivyo nitakufanya ulipe 30,000. Mwalimu wa hesabu angecheka. Anakutisha kwa kitu cha bei nafuu kuliko kile anachokuomba.

Kabla ya kucheka naye, fungua mkataba utafute sentensi moja. Je, unasema utalipia uharibifu hadi kiwango cha eksesi, au unasema utalipia uharibifu wote, na eksesi pia gari likidaiwa bima? Nimeona aina zote mbili. Ya kwanza inakuwekea dari ya 30,000. Ya pili haikuwekei dari, na ikiwa ndiyo uliyotia sahihi, nguvu yako itabaki kwenye kubishania gharama halisi. Kama maneno yana utata, mpigie picha ukurasa huo mtu anayejua mambo haya kabla hujatuma shilingi.

Kwa nini mwenye gari apende pesa taslimu kuliko kudai? Sababu moja ni ya haki. Anayekaa mwaka mzima bila kudai hupunguziwa malipo ya bima mwaka unaofuata. Tuseme bima yake ni 90,000 kabla ya punguzo la asilimia 10: akidai 15,000 kwa ajili ya bampa yako, 9,000 zinaweza kumtoka wakati wa kurudia bima, na gari litasimama likimsubiri asesa, yule mkaguzi anayekadiria hasara, kisha lisubiri idhini, kisha spea. Mtu mwenye magari mawili matatu ya kukodisha hahitaji elimu ya juu kuona kwamba hilo halina faida. Hata mimi ningekuwa yeye nisingedai.

Sababu ya pili si nzuri. Magari mengi ya kujiendesha hapa mjini ni ya watu binafsi, wafanyakazi kama wewe walionunua gari kwa mkopo wa sako na kulikodisha wikendi. Bima waliyokata ni ya matumizi binafsi kwa kuwa ndiyo ya bei nafuu. Gari la kukodishwa linahitaji bima ya daraja lake, na lile daraja ni ghali zaidi. Siku likigongwa, swali la kwanza la mkaguzi ni nani alikuwa akiendesha na kwa sababu gani. Jibu likiwa "mtu aliyekodi", kampuni ina haki ya kukataa kulipia gari hilo, kwani lilitumiwa kwa kazi isiyokuwa kwenye hati. Mwenye gari anayelijua hilo hatadai kamwe, ila atakutajia bima kila mara ili uogope.

Kwa hiyo muombe cheti cha bima. Siku hizi ni cha kidijitali, anaweza kukutumia kwenye simu kwa dakika moja. Angalia tarehe, namba ya gari, na matumizi yaliyoandikwa. Akikwepakwepa kukituma, umeshapata jibu lako kuhusu kudai.

Tuje kwenye bampa yenyewe. Nilifanya kazi ya uasesa Nakuru kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia upande wa uwakala wa bima, na kuna gari moja dogo sijalisahau. Liliingia gereji kule Industrial Area na mpasuko usiozidi kidole. Fundi alilitazama kwa nje tu akasema elfu kumi na mbili, linaondoka kesho. Nikamwomba avue bampa. Ile plastiki ya nje huwa inajikunja na kurudi mahali pake kama sufuria ya plastiki uliyoikanyaga; chuma kilicho nyuma yake hakirudi. Kilikuwa kimepinda, kikausukuma ukuta wa buti, na pale bati lilipoungana na sakafu palikuwa pamefunguka upenyo. Tulipoinua zulia tukakuta maji ya mvua yamejaa kwenye shimo la gurudumu la akiba. Elfu kumi na mbili ikawa mara nne yake.

Nakueleza hivi kwa sababu bei ya fundi wako wa Nyalenda na bei ya mwenye gari, zote mbili ni makisio ya macho mpaka bampa ivuliwe. Huenda 18,000 ni ndogo. Huenda pia 45,000 ina vitu vya watu wengine. Ukiwapo bampa ikivuliwa, iangalie kwa ndani. Bampa iliyowahi kushonwa huonyesha fila ya zamani, ile dawa ya kuzibia nyufa, alama za kuyeyushwa kwa moto, wakati mwingine rangi mbili tatu zilizofuatana, mpya juu ya kuukuu. Magari ya kukodi yana tabia hiyo: mkwaruzo mmoja hulipiwa na wakodi watano mfululizo na haupakwi rangi hata siku moja. Kama ulipiga picha za gari wakati wa kulichukua, zitafute. Kama hukupiga, uliza iliko ile karatasi ya ukaguzi mliyojaza siku ya kuchukua, ile yenye mchoro wa gari na alama za X.

Mwombe mwenye gari makadirio yaliyoandikwa, kila kitu na bei yake: bampa, taa, klipu, rangi, ufundi. Taa yenye ufa haipuuzwi, maji yakiingia huua balbu na soketi, kwa hiyo kuibadilisha ni halali. Lakini ukipigwa bei ya bampa mpya ya dukani ilhali iliyopasuka ilikuwa na miaka kumi, una haki ya kupendekeza ya eks-Japani, yaani iliyotumika Japani, ya rangi ileile. Mafundi wote huzitumia, na kwa gari la umri huo ndiyo fidia ya kweli. Atakudai pia siku ambazo gari halikufanya kazi. Zilipe, lakini zile za gereji tu. Bampa na taa ni kazi ya siku mbili, labda tatu rangi ikikawia kukauka kwa mvua hizi za jioni. Wiki nzima hapana.

Na usijute kwamba hukulitengeneza kimya kimya. Mikataba mingi inakataza mkodi kupeleka gari kwa fundi bila ruhusa, na rangi iliyopakwa haraka huonekana upesi: jua la Kisumu la saa saba halifichi kitu, upande mmoja mweupe, upande wa pili mweupe mwingine. Ungekuwa sasa unajibu maswali mawili, la bampa na la kwa nini ulificha.

Hapa ndipo watu wengi hukosea, hata mawakala wachanga. Kutoa taarifa na kudai ni vitu viwili tofauti. Hati za bima humtaka mwenye gari aijulishe kampuni mapema kila linapotokea jambo linaloweza kuzaa dai, hata kama yeye mwenyewe hana nia ya kudai. Anaweza kuandika kwa wakala wake: gari liligonga nguzo tarehe fulani, na boda iliangushwa, tunalitengeneza wenyewe, hii ni kwa kumbukumbu tu. Hapo hajadai chochote. Lakini siku mtu akitokea na madai, kampuni haiwezi kusema haikuambiwa.

Na mtu wa kutokea yupo. Ndiyo zile mia tano.

Ulimpa kwa utu, na mimi ningempa. Ila kwa macho ya sheria, ulihusika katika ajali iliyoangusha pikipiki yenye mtu juu yake, ukaondoka bila karatasi. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humtaka dereva katika hali kama hiyo asimame na kutoa jina na anwani yake, na kama hilo halikufanyika, aripoti polisi upesi, isipite saa 24. Wewe ulisimama. Sijui kama ulimpa jina lako. Saa 24 zimepita, lakini kuripoti kwa kuchelewa ni bora kuliko mtu mwingine akutangulie na hadithi yake. Nenda kituo cha polisi cha Luanda, mahali ilikotokea, siyo cha Kisumu. Eleza kama ulivyonieleza, pata namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, kisha uombe abstrakti, ile hati ya polisi inayothibitisha ajali.

Huenda kijana huyo ni mzima na mia tano zake zilikwishaingia kwenye petroli. Wengi wako hivyo. Lakini goti linaweza kuvimba siku ya pili, au jamaa wa stejini akamwambia kwamba gari la kukodi lina bima nono. Kwa Sura ya 22, sheria ya ukomo wa mashtaka, mtu aliyeumizwa kwa uzembe ana miaka 3 ya kushtaki. Miaka mitatu ni mirefu. Wewe utakuwa umeshasahau rangi ya ile nguzo.

Habari njema ni kwamba hapa bima ina maana zaidi kuliko kwenye bampa. Sura ya 405 inalazimisha kila gari barabarani liwe na bima ya thadi pati kwa vifo na majeraha ya watu wengine, na fidia chini ya sheria hiyo ina kikomo cha 3,000,000 kwa mtu mmoja. Huo ndio mzigo usioweza kuubeba kwa mshahara wa mwalimu, na ndio uliofanya bima ya gari iwe lazima. Bampa ya elfu ishirini unaweza kuilipa, kwa uchungu, ukaimaliza mwezi huu. Ndiyo maana nakuambia nguvu zako zote zisiishie kwenye bampa huku mlango wa boda ukiwa wazi.

Rudi Luanda ukiwa na mtu mzima mmoja wa kwenu. Nenda stejini, uliza mwenyekiti. Kila steji ina mwenyekiti, naye humjua kila kijana wake. Muulize jamaa hali yake. Kama yuko sawa, andikeni karatasi fupi: tarehe, mahali, namba ya pikipiki, jina na kitambulisho chake, kwamba kioo kilivunjika akalipwa, kwamba hakuumia, sahihi zenu na ya mwenyekiti. Karatasi hiyo haimzuii kwenda kortini, ila itakuwa ushahidi wa alivyosema wakati mambo yakiwa mabichi. Usiandike popote kwamba "kosa lote ni langu" wala usiahidi malipo ya baadaye. Hati za bima hukataza kukubali kosa au kuahidi fidia bila idhini ya kampuni, na ahadi yako inaweza kuwapa sababu ya kujitoa. Akisema anaumwa, mpeleke hospitali, hilo si kukubali kosa. Kisha mjulishe mwenye gari siku hiyohiyo.

Kwa hiyo, bampa: mimi nisingesukuma idaiwe. Ningekubali kulipa gharama halisi baada ya bampa kuvuliwa, nikitarajia isitoke mbali sana na ile amana yako ya 20,000. Ikivuka 30,000 na mkataba una dari, hapo mwambie mwenye gari adai kilichozidi; bima yake ndiyo kazi yake. Akikataa kutoa makadirio, akikataa kuonyesha gari na bado anashikilia amana, Mahakama ya Madai Madogo ipo Kisumu, inasikiliza madai yasiyozidi 1,000,000, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Mamlaka ya Kudhibiti Bima hupokea malalamiko dhidi ya kampuni na mawakala wa bima. Mwenye gari la kukodi si wao, usipoteze nauli.

Lakini ukipokea barua ya wakili wa mtu aliyeumia, au hati ya kuitwa kortini, usiniandikie tena. Siku hiyohiyo ipeleke mkononi kwa mwenye gari na kwa wakala wake wa bima, waandike wameipokea, kisha ukamwone wakili wako ana kwa ana ukiwa na abstrakti, mkataba na ile karatasi ya stejini. Vilevile ukigundua cheti ni cha matumizi binafsi na kijana ameumia: usilipe mtu yeyote chochote kabla ya kuketi na wakili.

Jioni hii mwandikie mwenye gari, kwa ujumbe unaobaki kwenye simu. Waweza kunakili huu: "Habari. Jumapili nikiwa Luanda gari liligusa boda na kugonga nguzo. Mwenye boda alisema hakuumia. Naenda kuripoti polisi na nitakuletea abstrakti. Tafadhali mjulishe wakala wako wa bima kwa kumbukumbu. Naomba cheti cha bima na makadirio ya matengenezo yaliyoandikwa, na niwepo bampa ikivuliwa. Niko tayari kulipa gharama halisi kulingana na mkataba." Na kabla ya kulala, chukua kalamu uandike chochote unachokumbuka cha namba ya ile pikipiki, hata kama ni herufi tatu za mwanzo.